BBC Micro inaganda nikiita programu yangu mara ya pili: nani amewahi kudaka vekta akabaki salama?

#1 Mwalimu wa Kongwa
Wakuu salaam. Nina BBC Micro Model B, ile ya Acorn yenye kichakataji cha 6502 cha megahezi 2 na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Nimeachiwa na mwalimu mwenzangu alipostaafu, ikiwa kwenye sanduku la bati pamoja na redio kaseti. Naitumia na wanafunzi jioni, umeme ukiwepo.

Kuna mwanafunzi wangu mwenye uoni hafifu. Hapendi kuuliza wenzake kila saa kama kompyuta imemaliza kuandika. Nikamtengenezea programu fupi ya asembli inayodaka vekta (baiti mbili zenye anwani ambayo mfumo unairukia) ya kuandika herufi, WRCHV, iliyopo &20E na &20F, kwa namba za heksadesimali. Kila herufi inayokwenda kwenye skrini inapitia kwangu kwanza. Ikiwa ni 13, mwisho wa mstari, naipeleka kisha naongeza 7 ili mashine ilie. Nyingine zote naziachia zipite.

Mara ya kwanza inafanya kazi vizuri, mtoto anafurahi. Nikiita programu mara ya pili, inaganda kabisa. Je, kuna utaratibu salama wa kudaka vekta kwenye mashine hizi, au kila mtu anabahatisha?

#2 Commodore wa Makole
Mwalimu, umezima intarapti, yaani ishara zinazokatiza kazi ya kichakataji, kabla ya kubadilisha vekta? Anwani ina baiti mbili. Ukiandika ya chini, kabla hujaandika ya juu, intarapti ikiingia inakuta nusu yako na nusu ya wenyewe, inarukia pasipojulikana. SEI (zima intarapti) mwanzo, CLI (ziwashe) mwisho. Kwenye Commodore 64 tulijifunza kwa machungu: POKE 788, kisha POKE 789, na kati ya hizo mbili mashine imeshakufa, kwa sababu intarapti inapita hapo mara 60 kwa sekunde.

#3 Kijana wa Ng'ong'ona
Namba 2, ushauri ni sahihi kwa vekta ya intarapti. Lakini yeye amedaka ya kuandika herufi. Intarapti za BBC haziandiki herufi kwenye skrini, kwa hiyo hata zikiingia katikati hazitagusa &20E. Kwa IRQ1V, vekta ya intarapti iliyo &204, ningekubaliana nawe mia kwa mia, maana ile inapitiwa angalau mara 100 kwa sekunde.

#4 Commodore wa Makole
Na akibadilisha kwa BASIC, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa mkono? Baada ya ?&20E kuandikwa, BASIC inachapa alama yake ya > kusubiri amri. Hiyo ni herufi. Itapita wapi?

#5 Kijana wa Ng'ong'ona
Hapo umenishika. Kweli, itapita kwenye vekta ya nusu kwa nusu.

#6 Binti wa Mpwapwa
Mwalimu, tuonyeshe unahifadhi vipi ile anwani ya zamani. Nadhani ndipo penye shida.

#7 Mwalimu wa Kongwa
Shukrani wote. Sibadilishi kwa mkono, nabadilisha ndani ya asembli, ila SEI sikuweka. Dada Binti, nafanya hivi: nasoma &20E na &20F, nahifadhi mahali ninapopaita oldv, kisha naandika anwani yangu, &A00. Herufi ikishapita kwangu namalizia kwa JMP (oldv), yaani ruka kwenye anwani iliyohifadhiwa oldv.

#8 Binti wa Mpwapwa
Basi jibu liko mezani. Mara ya kwanza oldv ilipata anwani ya mfumo wenyewe, ambayo kwa mfumo endeshi wa MOS 1.20 ni &E0A4. Mara ya pili uliposoma vekta, ndani yake ulikuwemo wewe mwenyewe. Ukahifadhi &A00 kama ndiyo ya zamani. Herufi inakuja kwako, unaipeleka kwa "wa zamani", ambaye ni wewe, anaipeleka kwako tena. Inazunguka humo humo milele.

Mimi nilifanya kosa hilihili kwenye Commodore ya kaka yangu, kwa saa ya kwenye kona ya skrini. Siku mbili nilidhani mashine imeungua, kaka naye amenuna. Tangu hapo kabla ya kuhifadhi chochote nauliza kwanza: je, vekta tayari inaelekea kwangu? Kama ndiyo, narudi bila kugusa kitu.

#9 Mzee wa Bahi
Vijana, hili sisi tunaliona kila msimu kwenye mashamba ya mpunga. Maji ya mfereji yanapita shambani kwako kwanza, unachukua haja yako, unayarudisha mferejini aliye chini yako naye apate. Anayefungua tuta lake akayarudisha maji juu ya alipoyachepushia, yanamzunguka yeye mwenyewe na jirani anakaa mkavu. Ndiyo hiyo JMP yenu.

#10 MSX Singida
Mzee wa Bahi, uzi wowote ukifunguliwa lazima ufike kwenye mpunga! Lakini umeeleza kuliko vitabu vyangu.

Naongeza upande wa kompyuta za MSX. Wale tangu 1983 waliliwekea nafasi rasmi. Kila mahali mfumo unaporuhusu kudakwa pana baiti tano, zote zimejazwa C9, yaani RET, rudi. Kwa mfano ile ya intarapti ya saa iko FD9F. Unanakili baiti zote tano za mwanzo kwako, unaweka JP, amri ya kuruka, ya kwenda kwako, na ukimaliza kazi unaendelea kwenye zile tano ulizonakili. Kama hakuna mtu kabla yako utakuta RET tupu, unarudi salama. Hakuna haja ya kujua anwani yoyote ya ndani.

#11 Kijana wa Ng'ong'ona
Kwa nini tano? JP ni baiti tatu tu.

#12 MSX Singida
Kwa sababu programu inaweza kuwa kwenye katriji, sloti nyingine kabisa. Kuita sloti nyingine kunahitaji RST 30h baiti moja, namba ya sloti moja, anwani mbili, na RET moja. Jumla tano. Ndiyo maana kunakili tatu tu ni kosa kubwa: ukimkuta mtu wa katriji amekutangulia, umemkata katikati.

#13 Fundi wa Kizota
Nimesoma kuanzia juu. Maelezo ya Binti namba 8 ni mazuri, lakini sikubali kuwa yamemaliza. Mwalimu, msimbo wako upo &A00. Programu unaipakia kutoka kwenye nini mara ya pili?

#14 Mwalimu wa Kongwa
Kutoka kanda. Naandika CHAIN (pakia na uendeshe) nasubiri.

#15 Fundi wa Kizota
Ndiyo hapo. Ukurasa wa &A00 ndio mfumo unaotumia kama bafa, nafasi ya muda, ya kupokea kutoka kanda. Programu yako ikisoma faili la data kutoka kanda, data hiyo inamwagwa juu ya msimbo wako, na vekta bado inaelekea pale pale. Mfumo ukitaka kuandika jina la faili na namba ya bloku kwenye skrini, unarukia &A00, unakuta vipande vya data badala ya maagizo. Kama imefanya hivyo, hata hukufika kwenye kuhifadhi mara mbili. Ulikufa njiani.

Nafasi zote hizo za chini zina wenyewe. &900 ina bafa ya kutuma kwenye kanda na mlango wa RS423 pamoja na bahasha za ziada za sauti, &B00 ni maneno ya vitufe vya f0 na wenzake, &C00 ni herufi unazochora mwenyewe, &D00 ni ya NMI, intarapti isiyozimika. Ukitaka kukaa, chagua nafasi ambayo mwenyewe hatarudi leo. Kama hutumii vitufe vya f, &B00 inafaa.

#16 Binti wa Mpwapwa
Fundi, hilo sikulifikiria, nakubali linawezekana. Lakini basi tuna maelezo mawili na yote yanaishia kuganda. Tutajuaje?

#17 Fundi wa Kizota
Kwa taa ya CAPS LOCK. Usiangalie kistari kinachomweka kwenye skrini, kile kinamwekeshwa na chipu ya picha yenyewe, 6845, kitamweka hata kichakataji kikiwa kimezimia. Bonyeza CAPS LOCK. Taa ikibadilika, intarapti ziko hai na programu inazunguka mahali, ndiyo ya Binti. Taa isipobadilika, kichakataji kimeingia porini, na ya kwangu ina uzito zaidi.

#18 Mpita Njia
Samahani kuingilia. Neno "kudaka" mmelitoa wapi? Mimi ningesema "kuteka vekta".

#19 Commodore wa Makole
Kuteka ni kwa nguvu na humrudishi mtu. Kudaka ni kama golikipa, mpira unaupokea kisha unautoa kwa mwenzako. Aliyedaka akakaa na mpira mikononi, refa anapuliza.

#20 Mzee wa Bahi
Kuchepusha.

#21 Mhasibu Mstaafu
Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi sikuwa na kompyuta ya nyumbani, nilizikuta DOS ofisini. Kwenye DOS utaratibu ulikuwa rasmi: usisome jedwali la vekta kwa mkono, tumia intarapti 21h, kazi 35h kusoma na 25h kuandika. Kisha ukabaki kwenye kumbukumbu kwa kazi 31h.

Tatizo letu halikuwa kuingia, lilikuwa kutoka. Nilikuwa na programu mbili zinazokaa kwenye kumbukumbu, kalenda na kikokotoo. Kalenda iliingia kwanza, kikokotoo baadaye. Siku ya kufunga hesabu za mwezi nikaiondoa kalenda nipate nafasi. Ikarudisha vekta ya kibodi kama ilivyoikuta, yaani ya kabla ya kikokotoo. Kikokotoo kikapotea kimya. Nikaondoa kikokotoo nacho, kikarudisha anwani ya kalenda, ambayo haipo tena. Kazi ya asubuhi nzima ikaenda.

Tangu siku hiyo naamini sheria moja: kabla ya kurudisha vekta, iangalie. Kama bado inaelekea kwako, rudisha uondoke. Kama kuna mwingine amekaa juu yako, usiguse. Jizime ndani kwa ndani, herufi zipite tu, ubaki pale.

#22 MSX Singida
Mzee, hapo sikubaliani. Kubaki bila kazi ni kula nafasi. Kwenye kilobaiti 32 hatuna anasa hiyo.

#23 Mhasibu Mstaafu
Mwanangu, nafasi hiyo ni baiti chache za kuruka tu, msimbo mwingine unaweza kuutoa. Ukijitoa katikati ya mnyororo unakata na wa pande zote mbili. Ndiyo maana baadaye Ralf Brown alipendekeza utaratibu wa intarapti 2Dh, ambapo programu zilizokaa zinajitambulisha na kuulizana kabla ya moja kuondoka. Watu hawakuja na hayo kwa kupenda urasimu.

#24 Binti wa Mpwapwa
Atari nao walifikiri njia nyingine. Kwa intarapti ya skrini huandiki vekta mwenyewe. Unaweka 6 au 7 kwenye rejista A, baiti ya juu ya anwani kwenye X, ya chini kwenye Y, unaita SETVBV iliyo E45C, na mfumo wenyewe unabadilisha baiti zote mbili kwa usalama. Hakuna nusu kwa nusu. Laiti mashine zote zingekuwa na hiyo.

#25 Kijana wa Ng'ong'ona
Naomba kuuliza wazee, kwa nini mashine hizi huku kwetu ni chache hivi? Naona watu wa nje wanazo hadi darini.

#26 Mhasibu Mstaafu
Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati wenzetu wananunua za nyumbani miaka ya 1980, kwetu kuipata ilihitaji kibali, au mtu aliyerudi nayo kutoka masomoni. Wengi wetu tulianza moja kwa moja na PC za ofisini. Ndiyo maana hiyo ya mwalimu ni mali, mwanangu. Itunze.

#27 Mwalimu wa Kongwa
Nimejaribu usiku wa jana. Kwanza nilihamisha msimbo kwenda &B00 na kuweka ukaguzi wa Binti. Nimeita mara tano, haigandi.

Lakini kuna jambo. Programu ya somo, ile inayoanza kwa MODE 1 na kuandika kichwa katikati, niliipakia baada ya kubonyeza BREAK, nikawasha mlio, nikaiendesha. Kistari kikatoweka na maandishi hayaonekani. BREAK si inarudisha vekta zote kama mwanzo? Kwa hiyo hapakuwa na kuhifadhi mara mbili wala &A00.

#28 Commodore wa Makole
Labda umehifadhi oldv mwisho wa ukurasa? 6502 ina kasoro inayojulikana: JMP (&BFF) inachukua baiti ya chini kutoka &BFF, lakini ya juu inaitoa &B00 badala ya &C00. Haivuki ukurasa.

#29 Kijana wa Ng'ong'ona
Kasoro hiyo ni kweli, ila ingekuwa hiyo, programu isingefanya kazi hata mara moja. Yeye kaita mara tano bila shida.

Mwalimu, kichwa cha somo umekiweka kwa TAB(x,y)? Namba zipi?

#30 Mwalimu wa Kongwa
PRINT TAB(13,5). Kijana, kuna nini?

#31 Kijana wa Ng'ong'ona
Mwalimu, nadhani nimeipata! TAB(13,5) haipelekwi kama amri moja. Inapita kwenye vekta hiyohiyo kama herufi tatu: 31, 13, 5. Wewe unaona 31, unaipitisha. Unaona 13, unadhani mstari umeisha, unaipitisha na kuongeza 7. Mfumo ulikuwa unasubiri namba ya mstari, ukaichukua 7 yako kama ndiyo y. Kisha 5 inafika peke yake bila mwenyewe, na VDU 5 ni amri kamili: inahamisha maandishi kwenye kalamu ya michoro na kuondoa kistari. Kalamu ipo kona ya chini kushoto, herufi zinaandikwa chini ya ukingo wa skrini. Mashine haikuganda. Inaongea nje ya dirisha.

Ikitokea tena, andika VDU 4 bila kuona, bonyeza RETURN.

#32 Binti wa Mpwapwa
Kijana, hii nimeisoma mara tatu. Safi sana.

Basi kwa mwalimu: kabla ya kuongeza mlio, muulize mfumo kama upo katikati ya amri. Wito wa mfumo OSBYTE 218 unatoa, kwa namba hasi, idadi ya baiti ambazo foleni ya VDU bado inazisubiri. Kama si sifuri, ile 13 si mwisho wa mstari, iache ipite. Na hifadhi A, X na Y kabla ya kuuliza, maana OSWRCH, wito wa mfumo wa kuandika herufi, inaahidi kuzirudisha zote kama zilivyokuja. Na mlio wenyewe usiutume kwa OSWRCH, utarudi kwako mwenyewe. Utume kwa anwani ya zamani: weka JMP (oldv) mahali pamoja, uiite kwa JSR (ruka kisha urudi), kwa sababu 6502 haina JSR ya kupitia mabano.

#33 Fundi wa Kizota
Hapo kwenye kuuliza, tofautisheni wakati. Uulize kabla ya kuipitisha ile 13, au baada?

#34 Binti wa Mpwapwa
Kabla. Ukiuliza baada, na 13 ikawa baiti ya mwisho ya amri, foleni itakuwa sifuri na utadanganyika.

#35 MSX Singida
Mimi bado naona kosa kubwa ni la waliotengeneza. Mfumo unaopitisha herufi na amri kwenye mlango mmoja unamwekea mtego anayedaka.

#36 Fundi wa Kizota
Au ndiyo uzuri wake. Ukidaka sehemu moja umeona kila kitu, hata kwenda kwa printa.

#37 Mwalimu wa Kongwa
Shukrani sana. Nimeandika VDU 4 gizani, maandishi yakarudi. Mtoto akapiga makofi kwa mlio. Kijana, umenisaidia kuliko unavyojua.

Ila leo mchana, baada ya kama saa moja ya kuwaka, imeganda tena. Nimebonyeza CAPS LOCK kama Fundi alivyosema. Taa haikubadilika. Vekta sikuwa nimeigusa kabisa, nilikuwa nacharaza BASIC ya kawaida. Na nyuma kulikuwa na harufu ya kuungua.

#38 Mhasibu Mstaafu
Huenda ni programu nyingine kwenye ROM za pembeni. Angalia kama kuna ROM iliyojidaka yenyewe bila wewe kujua. Zile zinapitia jedwali la &D9F, na mtu akikosea namba ya ROM pale, unarukia sloti tupu.

#39 Fundi wa Kizota
Mzee, kwa heshima, harufu si ya vekta. Kapasita za kuchuja umeme kwenye pawasaplai za hizi BBC zinazeeka, ganda linapasuka, zinatoa moshi mzito. Mwalimu, chomoa kwenye soketi sasa hivi, usizime kwa swichi tu. Usiiwashe tena mpaka niifungue.

#40 Commodore wa Makole
Kapasita zile zikifa huwa mashine inaendelea kufanya kazi, Fundi. Kuganda ni kitu kingine. Mimi ningeangalia chipu za kumbukumbu.

#41 Fundi wa Kizota
Inawezekana vyote viwili. Ndiyo maana nataka kuifungua.

#42 Mwalimu wa Kongwa
Nimechomoa. Jumamosi nashuka na basi la asubuhi, nitaibeba kwenye sanduku lake la bati na kanda mbili, moja ina msimbo wa &B00 na nyingine ule wa zamani. Fundi, nitakupigia nikifika Sabasaba.